Mbuzi Watatu Badala ya Stempu

Kijana mmoja wa ukoo wetu ananunua fleti kule Tassia. Juzi alinijia na simu mkononi akaniuliza, "Shosho, hii stamp duty ni ya nini kwani? Si nyumba nimeshanunua?" Nikamjibu kwamba nyumba bado hajanunua, amempa mtu pesa tu. Akacheka, akadhani namtania. Ndiyo maana nimeketi kuandika, kwa kuwa najua hayuko peke yake, na nyinyi vijana wa siku hizi mzee akiongea mnasikiliza kwa sikio moja. La pili lina waya.

Nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini, tangu miaka ya sabini hadi ile ya themanini ikanimaliza miguu. Niliishi Jericho, katika nyumba ya kaunsili ya kukodi, nikilala katika nyumba isiyo yangu na kushinda mchana kutwa nikiandika hati za nyumba za wengine. Wakili wetu alikuwa mtu mwema ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukohoa na kutia sahihi. Zilizobaki zilikuwa zetu, makarani.

Mambo yenyewe si magumu. Mtu akinunua nyumba, serikali inataka fungu lake, ndio ushuru wa stempu, kabla jina halijabadilishwa kwenye hati. Mthamini anakuja kuitazama nyumba, analinganisha bei mliyoandika na thamani anayoiona yeye, na iliyo kubwa ndiyo inayotozwa ushuru. Unalipa benki, unarudi na stakabadhi, hati inagongwa muhuri mwekundu, kisha ndipo inapelekwa kusajiliwa. Bila muhuri huo, karatasi uliyosaini kwa mbwembwe, ukapigwa na picha ukiisaini, inafaa kufungia karanga.

Aliyenifunza kazi hii ni Bwana Fernandes, Mgoa, karani mkuu wetu, mtu wa kufunga tai hata Jumamosi. Siku yangu ya kwanza alininyang'anya kalamu nilipotaka kuandika tarehe kwenye hati ya mteja.

"Wewe dada, hii mtu iko na pesa ya stempu?"

"Amesema ataleta."

"Basi tarehe pia itakuja. Ukiandika leo, faini inaanza kutembea leo. Serikali haina haraka, lakini inahesabu."

Alikuwa na kanuni nyingine: mteja asikubaliwe kununua viti kabla ya kulipa ushuru. Niliona kama upuuzi wa mzee, mpaka nilipokaa kwenye kazi. Watu wa Umoja na Buruburu walikopa kwenye chama cha ushirika, wakauza ng'ombe nyumbani, wakafunga mkanda miaka, wakaipata bei ya nyumba. Ukiwauliza pesa ya ushuru, wanakohoa kumshinda wakili. Pesa ya ushuru imenunua seti ya viti, meza ya vioo na vitambaa vya kufuma vya kufunika kila kitu, hata redio. Walikuwa wamekalia ushuru wao na kuufunika kitambaa, na wageni wakausifu.

Wengine walijiona wajanja wa kumchezea mthamini. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Buruburu aliyesikia kwamba nyumba mbovu hutozwa kidogo. Siku ya ukaguzi aling'oa milango akaificha kwa jirani, akatoa balbu zote, akaazima kuku, kuku wa kweli, wakaingizwa sebuleni. Mthamini akafika, akawasalimia kuku, akaandika thamani ile ile ya nyumba ya kushoto na ya kulia, kwa kuwa zote zilijengwa na mkandarasi mmoja kwa ramani moja. Mwalimu akachelewa kuirudisha milango. Wezi waliingia kabla yake, na hawakuhitaji hata kubisha. Alipokuja kutueleza, Bwana Fernandes alimsikiliza kwa huruma yote, kisha akamuuliza kama kuku walibaki.

Lakini mwalimu yule alikuwa malaika ukimlinganisha na Bwana Amugune.

Amugune alikuwa karani wa reli, mtu wa Magharibi ya Kenya, mzee wa kanisa na mweka hazina wake. Mtu wa suti ya kijivu na Biblia yenye zipu. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na siku ya kustaafu nyumba ya reli alimokaa na mkewe Rasoa ingebidi irudi kwa wenyewe. Rasoa alikuwa na mashine ya kufuma, akiwafumia sweta watoto wa shule za mtaa mzima, na pesa zake za miaka zilikuwa ndani ya bei ya nyumba pamoja na za mumewe. Nyumba ile ilikuwa uzee wao wote wawili. Wakiikosa, wangefungasha virago waende kubanana kwa wana wao.

Nyumba yenyewe ilikuwa Umoja, mali ya mwanamke wa kwetu Ukambani aliyeitwa Syombua. Aliipata kwa kura ya kaunsili na kuilipia kwa kuwauzia watalii vinyago walivyochonga kaka zake. Hakuwahi kuolewa. Jiji lilikuwa limemchosha, akataka kurudi Machakos, ambako marehemu baba yake alimwachia kipande cha shamba, ajenge duka. Muuzaji mwenye haja ya kuuza, mnunuzi mwenye haja ya kununua. Katika kazi yetu hiyo ni sikukuu.

Bwana Fernandes akamweleza Amugune habari za ushuru. Uso ukamwiva.

"Dada Mwikali," akanigeukia mimi, "kweli mtu alipe nyumba, halafu alipe tena kwa sababu amelipa?"

"Ndivyo, Bwana Amugune."

"Hiyo si haki mbele ya Mungu."

"Mbele ya Mungu hakuna dirisha la kulipia," akasema Fernandes. "Lipa."

Hakulipa. Aliondoka na faili lake akisema anaenda kufikiri. Vijana, mteja akisema anaenda na faili kufikiri, jueni kuna mtu anamngoja nje amsaidie kufikiri. Siku zile, karibu na ofisi za ardhi, walizagaa mabroka wa kila aina, na mmoja tulimwita Shoti, kifupi cha shotikati, yaani njia ya mkato. Yaliyofuata nayasimulia kama Amugune mwenyewe alivyotusimulia baadaye, akiwa hana tena kiburi cha kuficha.

"Mzae," Shoti alimwambia, "hiyo chapaa yote utapea serikali ya nini? Bwana na bibi wakipeana nyumba, wanaomba msamaha, hawalipi kitu. Huyo mama ana bwana?"

"Hana."

"Sasa si wewe ndio bwana? Kwa karatasi tu. Mnaapa mlioana kimila, yeye anakupa nyumba kama mume wake, wewe unampa pesa yake kando. Kila mtu kwao."

Mnaona uzuri wa shauri hilo. Mzee wa kanisa, aliyemwoa Rasoa mbele ya kasisi, aapishwe kwamba ana mke mwingine, ili aokoe ushuru. Kumbukeni pia kwamba alikuwa akikaripia vijana wa kwaya kwa kuchelewa mazoezi.

Syombua alikubali kwa kuwa alitaka pesa zake na safari yake, na Shoti alimwambia ni saini tu. Lakini kiapo, kilichotaja mbuzi waliopelekwa kwao, kilihitaji shahidi wa upande wake, na shahidi alikuwa kaka yake mkubwa, Kyalo, mchonga vinyago, Mkristo wa kweli asiyetaka mchezo.

"Mimi siwezi kuapa juu ya mbuzi sijaona," Kyalo akasema.

Shoti akaona hiyo si shida. Kama mzee anataka kuona mbuzi, aonyeshwe mbuzi. Amugune akapiga hesabu, akaona mbuzi ni nafuu kuliko ushuru. Akanunua watatu, akasafiri nao hadi Machakos, wakachinjwa, wakachomwa, ukoo ukala na kupangusa mikono. Kyalo akaweka sahihi kwa moyo mweupe kabisa.

Hati ikapita, msamaha ukatolewa, nyumba ikaandikwa jina la Amugune. Syombua akalipwa pesa zake mkononi. Tukasahau.

Kisha siku moja Amugune akarudi ofisini kwetu, suti ile ile, Biblia ile ile, akataka tumwandikie Syombua notisi ya kuhama. Alisema mwanamke amegoma kutoka, na kila akimwendea anapikiwa chai.

Nikachukua kile kiapo alichokuja nacho nikakisoma. Nilipofika kwenye mbuzi, nikasimama.

"Hawa mbuzi ni wa kuandika tu?"

"Hapana. Niliwapeleka mimi mwenyewe."

"Wakaliwa?"

"Wakaliwa wakaisha. Walikuwa wanono."

"Na wewe ulikuwepo wakiliwa?"

"Nilikula paja."

"Basi, Bwana Amugune," nikamwambia, "umeoa."

Alicheka. Alicheka kweli, akapiga goti lake. "Dada, wacha mzaha. Hao walikuwa chakula cha mashahidi. Kwetu bila ng'ombe hakuna bibi. Mimi kwa Rasoa nilitoa ng'ombe."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na hakuna ambaye angelifanya ila mtu wa kwao akija kwa watu wa kwetu bila kuuliza. Kwao ng'ombe ndiye anayeoa. Mbuzi ni mboga. Kwetu, mbuzi hao wa kwanza tunawaita ntheo, na wakishaliwa nyumbani kwa binti, binti si wa nyumba hiyo tena. Ng'ombe anaweza kuja mwaka ujao au asije kabisa, lakini mke ameshakwenda. Kaka zake Syombua walikuwa wamewangoja mbuzi wa dada yao hadi wakakata tamaa. Kisha anatokea bwana wa suti kutoka Nairobi, anawaleta wakiwa hai, hata hajaombwa. Ungekuwa wewe, ungeuliza maswali?

Nilikuwa nimeanza kucheka chinichini mpaka aliponiambia maneno ya Syombua. Alikuwa amekwenda Machakos na mizigo yake, akakuta shamba lake limepandwa maharagwe. Kaka zake walimpokea vizuri, wakamlisha, wakamuuliza anarudi lini kwa mumewe. Kipande kile baba alikiweka kwa ajili ya binti asiyeolewa, na sasa binti ameolewa, ntheo imeliwa, kila mtu shahidi. Akarudi Umoja. Angeenda wapi? Hapo nikaacha kucheka. Uongo ulikuwa wa Amugune na Shoti, na aliyefukuzwa shambani kwa uongo huo ni mwanamke aliyeambiwa ni saini tu.

Wakili akaitwa. Akasoma, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisahau kukohoa.

"Ukikana hiki kiapo," akamwambia, "umeapa uongo na umeiibia serikali. Ukikishikilia, una mke wa pili juu ya ndoa ya kanisa, na hilo nalo lina kifungo chake. Nikuandikie notisi nikisema nini? Kwamba mume anamfukuza mkewe kwa kuwa ni mkewe?"

Amugune alitazama dirishani. "Sasa Rasoa nitamwambia nini?"

Wakili alifunga faili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini yeye alikuwa amewavua na wengine nguo. Siku ya kustaafu ilikuwa inakuja, na nyumba ya reli haingemngoja amalize kutafuta maneno.

Wala hakuyapata. Rasoa, aliyekuwa akijua tu kwamba nyumba imeshanunuliwa, alichoka kungoja ufunguo. Akabeba ndoo, fagio na sabuni, akaenda Umoja kusafisha nyumba yake mpya. Alimkuta Syombua jikoni akikaanga vitunguu. Syombua akamtazama na ndoo yake, akaelewa.

"Karibu, mke mkubwa," akamwambia.

Nyinyi mnaopenda vituko mngetaka niwaambie walirushiana sufuria. Hawakurushiana. Rasoa aliniambia kwamba alikaa juu ya ndoo yake iliyogeuzwa chini juu, na Syombua akamweleza yote, bila kupunguza wala kuongeza, kisha wote wawili wakalia. Walipomaliza kulia wakala. Kesho yake wakapanda basi la Machakos pamoja.

Kwetu mbuzi wa kuolea yupo, na mbuzi wa kukataa yupo pia. Ndoa ikishindwa, nyumba ya mwanamke humrudisha mbuzi kwa mwanamume, na akimpokea, mambo yameisha. Kyalo alisita. Hakusita kwa ajili ya mbuzi, alisita kwa ajili ya maharagwe. Akaomba avune kwanza. Rasoa, ambaye hakujua neno moja la Kikamba, alimjibu kwa Kiswahili kwamba maharagwe avune, ila shamba aseme ni la nani, na aseme mbele ya wazee. Kyalo akasema ni la dada yake, maana kama nilivyowaambia, kuapa kwake hakukuwa mchezo.

Mbuzi aliletwa Nairobi. Na wanawake wale wawili, sijui ni nani alichagua siku, walimpeleka kwenye nyumba za reli Jumapili, wakati wazee wa kanisa wamealikwa chakula kwa mweka hazina wao. Kyalo akaingia akimvuta, amevaa koti lake jema, akamkabidhi Amugune kamba mbele ya mchungaji, akamwambia kwa heshima zote kwamba familia imekubali dada yao arudi nyumbani. Nasikia mchungaji alikuwa na mnofu wa kuku mdomoni na hakujua kama ameze au aombe. Amugune akaishika kamba. Angefanya nini? Hazina ya kanisa ilipata mtu mwingine wa kuitunza kabla ya mwezi kwisha.

Sasa ndiyo nifike pale nilipokuwa nikienda tangu mwanzo.

Rasoa alikuja ofisini na mumewe nyuma yake, kofia mkononi. Alitaka nyumba iandikwe jina lake. Amugune hakubisha, alikuwa ameachiwa kuchagua kati ya kutia sahihi na kurudi Magharibi peke yake. Nikafungua faili nikafurahi, kwa sababu safari hii nilikuwa na jambo jema la kumwambia.

"Mama, wewe ni mke wa ndoa ya kanisa, cheti unacho. Mume akimpa mkewe nyumba, tunaomba msamaha, na huu wenu utakuwa wa haki kabisa. Hutalipa ushuru hata kidogo."

Amugune akainua kichwa. Nadhani lilikuwa neno la kwanza tamu kulisikia kwa miezi. "Umesikia, Mama Agneta?" akamwambia mkewe. "Ni bure."

Rasoa hakumtazama. Alifungua mkoba, akatoa bahasha ya pesa zake za sweta, akaiweka juu ya meza yangu.

"Andika nimenunua," akaniambia.

"Lakini mama, si lazima. Sheria yenyewe..."

"Dada, sheria imempa msamaha kwa kuwa na mke. Mke wa bure ameshapata, akala na paja. Mimi sitaki kuwa wa pili. Andika mimi ni mnunuzi, yeye ni muuzaji, nilipe ushuru kama watu wanavyolipa."

Nikamtazama Bwana Fernandes, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameona watu wakikimbia ushuru kwa njia zote. Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya tai. Amugune akatia sahihi palipoandikwa muuzaji.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Tassia, ukiniuliza tena ushuru ni wa nini, sitakueleza habari za barabara na hospitali, maana barabara yako naiona na hospitali naijua. Nitakwambia tu kwamba siku ile nilisimama na Rasoa kwenye foleni ya benki, Amugune nyuma yetu. Foleni ilikuwa ndefu na yeye hakulalamika. Tulipofika dirishani, karani wa benki akazichukua karatasi, akamwona mwanamume aliyevaa suti, akamuuliza juu ya vichwa vyetu ni nani anayelipa.

Amugune akafungua mdomo. Rasoa akamtangulia.

"Mwenye nyumba," akasema, na akasukuma pesa zake chini ya kioo.